Utafiti wa uzamivu kuhusu hewa ukaa ya viwanda vya saruji: niegemee kwenye kuinasa au kwenye kuitumia upya?

Swali — Mhandisi Mwanafunzi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninaandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamivu katika uhandisi wa kemia, katika chuo kimoja kilichopo kusini mwa Norway, na ningependa kupata maoni ya watu waliokwisha kufanya kazi na viwanda vizito kabla sijajifunga na mada. Msimamizi wangu ameniachia uhuru ndani ya mipaka miwili: utafiti uhusu hewa ukaa itokayo kwenye kiwanda kizito, na uonyeshe bayana gesi hiyo inaishia wapi baada ya kunaswa.

Nimechagua saruji, kwa sababu ya kikemia. Mawe ya chokaa yakipashwa joto hadi karibu nyuzi 900 huvunjika, na kila kilo 100 za mawe safi hutoa kilo 44 za hewa ukaa na kubakiza kilo 56 za chokaa. Takriban asilimia 60 ya hewa ukaa ya kiwanda cha saruji hutoka ndani ya jiwe lenyewe, na iliyobaki hutoka kwenye makaa, gesi au taka zinazochomwa ili tanuru lifikie nyuzi 1,450. Kwa hiyo hata tanuru likiendeshwa kwa nishati isiyo na kaboni kabisa, sehemu kubwa ya gesi itaendelea kutoka. Sekta hii peke yake huchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayozalishwa na binadamu, na mimi ninayetoka Tanzania, nchi ambayo bado inajenga shule, madaraja na nyumba zake, siwezi kuwaambia watu wa kwetu kwamba dawa ni kuacha saruji.

Huku niliko, kiwanda cha saruji cha Brevik kilizindua mwezi Juni 2025 mtambo wa kunasa tani 400,000 za hewa ukaa kwa mwaka, ambazo ni takriban nusu ya gesi yake yote. Gesi hiyo hugandamizwa hadi kuwa kimiminika, husafirishwa kwa meli hadi Øygarden katika pwani ya magharibi, kisha hupelekwa kwa bomba na kuzikwa kwenye miamba iliyo mita 2,600 hivi chini ya sakafu ya bahari. Ni kazi kubwa, na ninaiheshimu. Hata hivyo kwetu hakuna bomba la namna hiyo wala meli hizo, ndiyo maana rasimu yangu inaegemea kwenye matumizi: kuichukua hewa ukaa ya tanuru, kuichanganya na haidrojeni iliyopatikana kwa kupasua maji kwa umeme, na kutengeneza methanoli, yaani kimiminika kinachoweza kuchomwa kama mafuta, kwa kichocheo cha shaba na zinki.

Naomba mnisaidie kupima jambo hili. Je, kuitumia upya ndiko njia inayofaa zaidi kwa nchi zisizo na hifadhi ya chini ya ardhi iliyo tayari? Na kama nitafanya utafiti wa kunasa, ni sehemu ipi ambayo bado ina kazi ya kweli ya kisayansi, isiyokuwa kurudia yaliyokwisha kufanywa?

Jibu la 1 — Fundi wa Tanuru

Dada, hongera kwa nafasi hiyo. Nimefanya kazi kwenye viwanda vya saruji vya Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na nitazungumzia upande ninaoujua, yaani gesi yenyewe ilivyo inapotoka, kwa kuwa maandiko mengi ya utafiti ninayosomeshwa huanza na mtungi wa hewa ukaa safi ilhali kiwandani hakuna mtungi.

Gesi inayotoka juu ya mnara wa kupashia malighafi joto huwa na nyuzi 300 hadi 350, na imejaa vumbi laini la mawe ya chokaa. Haiendi moja kwa moja kwenye bomba la moshi. Kinu cha kusagia malighafi kinapofanya kazi, gesi hiyo hupitishwa humo ili ikaushe mawe, na kwa kuwa kinu kina mianya mingi, hewa ya nje huingia na kuipunguza hewa ukaa. Kinu kinaposimama kwa matengenezo au kwa sababu ghala la unga limejaa, gesi hupita njia ya pili, huwa moto zaidi, huwa na hewa ukaa nyingi zaidi kwa asilimia, na uchafu wa salfa uliokuwa ukimezwa na unga wa chokaa ndani ya kinu sasa hupita. Chumbani mwa waongozaji mitambo badiliko hilo huonekana kwenye skrini kama ngazi, si kama mteremko. Mtambo wowote wa kunasa utakaoubuni lazima ustahimili ngazi hiyo mara nyingi katika wiki moja.

Jambo la pili ni joto, na hapa ndipo ningekuomba uweke nguvu zako. Njia iliyozoeleka, ambayo ndiyo iliyotumika Brevik, ni kuosha gesi kwa maji yenye amini, yaani kemikali inayoshika hewa ukaa, ndani ya mnara wa kufyonza kwa nyuzi 40 hadi 60, kisha kuyachemsha maji hayo kwa nyuzi 120 hivi katika mnara wa pili ili yaachie hewa ukaa. Amini ya kawaida kabisa hudai takriban gigajuli 3.5 za joto kwa kila tani ya hewa ukaa, na michanganyiko mipya imeshusha kiwango hicho hadi karibu na 2.5. Sasa linganisha: tanuru zuri la kisasa hutumia gigajuli 3.3 hadi 3.5 kutengeneza tani moja ya klinka, yaani vinundu vigumu vinavyotoka kwenye tanuru na kusagwa kuwa saruji, na tani hiyo hutoa kama tani 0.83 za hewa ukaa. Ukitaka kunasa sehemu tisa kati ya kumi za gesi hiyo kwa amini ya kawaida, unahitaji gigajuli 2.6 za ziada, yaani unakaribia kujenga tanuru la pili pembeni ya la kwanza kwa ajili ya kuchemsha maji. Brevik waliishia kwenye nusu ya gesi kwa sababu hicho ndicho kiasi ambacho joto la mabaki la kiwanda kiliweza kukibeba.

Kwa kuwa umeuliza penye kazi ya kweli, mimi ningetazama njia zinazoepuka kuchemsha maji. Lixhe, Ubelgiji, ulijengwa mtambo wa majaribio ulioanza kazi mwaka 2019, ambapo unga wa mawe hudondoka ndani ya bomba refu la chuma linalopashwa joto kwa nje. Moshi wa mafuta hubaki nje ya bomba, na hewa ukaa ya jiwe hutoka ndani ikiwa karibu safi bila kuoshwa na chochote. Unapoteza gesi ya mafuta, lakini ile asilimia 60 uliyoitaja unaipata bila mnara wa amini. Maswali ya uimara wa chuma hicho kwa joto la zaidi ya nyuzi 900, na namna vumbi linavyoganda kwenye ukuta wa bomba, bado yanatosha kujaza tasnifu kadhaa.

Jibu la 2 — Mwalimu wa Kemia, Morogoro

Ninakubaliana na Fundi, na ninataka kuongeza upande wa matumizi, kwa sababu rasimu ya methanoli ina mvuto ambao unaweza kumficha mtafiti hesabu iliyo muhimu kuliko zote.

Hewa ukaa ni majivu ya kikemia. Nishati yake imekwisha kutolewa, na kuirudisha kuwa mafuta ni kuilipia upya nishati hiyo pamoja na hasara. Mlinganyo unasema molekuli moja ya hewa ukaa huhitaji molekuli tatu za haidrojeni ili kupata molekuli moja ya methanoli na moja ya maji. Tuseme umenasa tani 100,000 za hewa ukaa, kiasi kidogo kwa kiwanda cha saruji. Utapata takriban tani 72,700 za methanoli, na utahitaji tani 13,600 hivi za haidrojeni. Kupasua maji kupata kilo moja ya haidrojeni hudai takriban yuniti 50 za umeme, kwa hiyo unahitaji megawati 78 zisizokatika mwaka mzima, usiku na mchana. Kiwanda kinachozalisha tani milioni moja za klinka kwa mwaka, kikitaka kuigeuza gesi yake yote, kitahitaji karibu megawati 650, ambazo ni kama theluthi moja ya uwezo wote wa mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere wa megawati 2,115. Umeme huohuo ungeweza kuendesha majiko, magari na pampu za maji moja kwa moja, na kuondoa mkaa na dizeli nyingi zaidi kuliko methanoli hiyo itakavyoondoa.

Kisha jiulize swali la msimamizi wako: gesi inaishia wapi? Methanoli ikichomwa kwenye injini ya meli, kaboni iliyotoka kwenye jiwe inaingia angani ileile, ila imechelewa kwa miezi michache na imetokea kwenye bomba la meli badala ya bomba la kiwanda. Faida iliyopo ni mafuta ya petroli yaliyokaa bila kuchomwa kwa sababu methanoli imechukua nafasi yake, na faida hiyo huhesabiwa mara moja tu. Ama kiwanda cha saruji kijisifu kwamba kimepunguza gesi, ama mwenye meli ajisifu, lakini wote wawili hawawezi. Umoja wa Ulaya umeliona hilo: kanuni zake za mwaka 2023 kuhusu mafuta ya namna hii zinaruhusu hewa ukaa ya viwanda kama saruji ihesabiwe kuwa imeepushwa hadi mwisho wa mwaka 2040 tu. Utakapokuwa umehitimu na teknolojia yako imekomaa kiasi cha kujengwa, dirisha hilo litakuwa linafungwa.

Sisemi kwamba matumizi yote hayana maana. Ninasema tuyapange kwa muda ambao kaboni hubaki imefungwa. Takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati za mwaka 2019 zinaonyesha kwamba dunia hutumia takriban tani milioni 230 za hewa ukaa kwa mwaka, na kati ya hizo kama milioni 130 huenda kutengeneza mbolea ya urea. Mkulima anapoinyunyiza urea shambani, hewa ukaa hiyo hurudi angani katika siku chache zinazofuata mvua. Sehemu kubwa nyingine, milioni 70 hadi 80, husukumwa kwenye visima vya mafuta ili kutoa mafuta zaidi. Kwa upande wa jina la utafiti wako, neno matumizi limebeba vitu vilivyo mbali sana, na mtahini mzuri atakuuliza uvitenganishe katika ukurasa wa kwanza.

Kabla ya yote hayo iko hatua ambayo haihitaji mtambo wowote wa kunasa, nayo ni kupunguza klinka ndani ya saruji. Viwanda vyetu vimekuwa vikichanganya pozolana, yaani majivu na mawe laini ya volkano, kwa miaka mingi, na mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi uliochomwa pamoja na mawe ya chokaa mabichi huweza kuchukua nafasi ya nusu ya klinka na kupunguza hewa ukaa kwa hadi asilimia 40. Tani ambayo haikuzalishwa haihitaji kunaswa. Andiko lako linapaswa kuonyesha kwamba unashughulikia gesi inayobaki baada ya hatua hiyo.

Jibu la 3 — Mtafutaji wa Kiambu

Nitaongeza jambo moja tu kuhusu soko, kwa sababu mara nyingi watu husema hewa ukaa iliyonaswa itauzwa kwa watengenezaji wa soda. Huku kwetu Kenya hewa ukaa ya vinywaji imekuwa ikichimbwa ardhini kwa miaka mingi katika eneo la Kereita, Lari, na Tanzania nayo huichimba Rungwe, mkoani Mbeya, ambako hutoka yenyewe kwenye miamba ya volkano ikiwa karibu safi. Gesi ya tanuru, yenye vumbi, salfa na oksijeni, italazimika kusafishwa hadi kiwango cha chakula ili ishindane na kisima, na soko lenyewe lingetoshelezwa na sehemu ndogo ya gesi ya kiwanda kimoja. Vivyo hivyo kwa magadi: Tuticorin, India, mtambo uliojengwa mwaka 2016 hunasa hewa ukaa ya boila ya makaa na kuitengeneza magadi, lakini sisi tuna Ziwa Magadi ambalo limetupatia magadi ya asili tayari. Kinachofaa pwani ya Tamil Nadu si lazima kifae Kajiado. Hata hivyo ningependa sana kuona mtu anapima kwa uzito kama visima hivyo vingeweza kufungwa na nafasi yake ikachukuliwa na gesi ya viwanda, maana kuchimba hewa ukaa ardhini huku jirani anaimwaga angani ni upotevu unaouma.

Jibu la 4 — Mkaazi wa Maskati

Assalaam alaykum. Nimesoma majibu yaliyotangulia kwa makini, na ninaona kuna njia ambayo bado haijatajwa, nayo ni kuirudisha hewa ukaa kuwa jiwe.

Huku Oman milima ya Samail imejengwa kwa miamba iliyotoka chini sana ya ganda la dunia, yenye magnesi nyingi, na miamba hiyo hushika hewa ukaa ya mvua na kuigeuza mishipa meupe ya madini ambayo mtu anaiona kwa macho akipita mabondeni. Kampuni moja ya hapa, iliyojiita 44.01 kwa kufuata uzito wa molekuli ya hewa ukaa, imefanya majaribio Fujairah ya kuiyeyusha gesi ndani ya maji na kuyasukuma chini kwenye miamba hiyo. Iceland wamefanya kazi ya namna hiyo kwenye basalti, yaani miamba myeusi ya volkano, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi iliyosukumwa ilikuwa imegeuka madini ndani ya muda usiofika miaka miwili. Bonde la Ufa nalo lina basalti nyingi, kwa hiyo ningesita kusema kwamba Afrika Mashariki haina pa kuihifadhi.

Lakini kwa mtu wa saruji lipo jambo la karibu zaidi. Zege kuukuu lililovunjwa na kusagwa bado lina kalsiamu iliyo tayari kuungana na hewa ukaa. Ukiupitishia gesi unga laini wa saruji uliochambuliwa kutoka kwenye kifusi, ukiwa na unyevu, unapata unga wa mawe ya chokaa pamoja na utomvu wa silika, na unga huo unaweza kuchanganywa tena kwenye saruji mpya badala ya sehemu ya klinka. Faida ni mbili kwa mpigo, na kaboni hubaki imefungwa. Kinachonivutia kuliko vyote ni kwamba mmenyuko huu hauhitaji hewa ukaa safi. Gesi ya tanuru yenye asilimia 15 au 20, ikiwa na joto lake na unyevu wake, inaweza kutumika ilivyo, na hapo ule mnara wa kuchemsha maji aliouelezea Fundi unaondoka kabisa. Kiasi kina mpaka wake, kwani kwa hesabu ya juu kabisa saruji huweza kurudisha hewa ukaa iliyotoka kwenye jiwe lake tu, na kwa vitendo hupungua hapo, wala haigusi gesi ya mafuta.

Jibu la 5 — Mwana Goma

Bwana wa Maskati ametaja kuhifadhi, nami naomba usalama usiachwe nje ya andiko. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Kivu tunaijua gesi hii kwa jina la mazuku: hutoka ardhini, hujikusanya kwenye mabonde madogo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na huua mbuzi na watu wanaoingia humo alfajiri kabla upepo haujavuma. Mwaka 2020 bomba la hewa ukaa lilipasuka karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi, na watu zaidi ya mia mbili walihamishwa, makumi wakipelekwa hospitali, na magari yalizimika barabarani kwa kukosa oksijeni. Mtafiti anayepanga mabomba karibu na makazi aanze na ramani ya mabonde na mwelekeo wa upepo.

Mhandisi Mwanafunzi

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Hesabu ya Mwalimu kuhusu umeme nimeirudia kwa bei za huku na haibadiliki, kwa hiyo methanoli ninaiondoa katika kiini cha andiko na kuibakiza kama kipimo cha kulinganishia.

Ninachofikiria sasa ni kuunganisha jibu la Fundi na la Bwana wa Maskati: kuchunguza namna unga wa zege kuukuu unavyonasa hewa ukaa moja kwa moja kutoka kwenye gesi ya tanuru isiyosafishwa, huku gesi ikibadilika kwa ngazi kinu kinapowashwa na kuzimwa. Majaribio mengi niliyoyasoma hutumia gesi tulivu ya maabara. Ningependa kujua kama kasi ya mmenyuko huporomoka gesi inapokauka au inapoleta salfa, na kama salfa hiyo hubaki kwenye unga na kuharibu saruji mpya. Je, Fundi, swali hilo lina uzito kiwandani?

Fundi wa Tanuru

Lina uzito, dada. Salfa ikizidi kwenye malighafi ya kuchanganya, muda wa saruji kushika hubadilika na mjenzi ndiye wa kwanza kulalamika, kwa hiyo pima muda huo na nguvu ya zege kwa siku 2, 7 na 28, usiishie kwenye uzito wa gesi iliyonaswa.

Tahadhari yangu ni kuhusu kifusi. Ulaya hubomoa majengo mengi na kifusi hukusanywa mahali pamoja. Dar es Salaam au Mombasa kifusi hakilali: kinajaza mashimo ya barabara za mitaani na misingi ya nyumba kabla hakijapoa, na saruji iliyomo ni changa na chache kwa kulinganisha na inayozalishwa leo. Kwa hiyo weka sampuli ya pili sambamba na zege kuukuu, kwa mfano taka ya tanuru la kufua chuma, ambayo nayo ina kalsiamu nyingi na hurundikwa nyuma ya viwanda vyetu bila kazi. Ukifika mahali pa kuhitaji mfano wa mabadiliko ya gesi, omba kiwanda chochote kikupe kumbukumbu za kichambuzi cha gesi cha bomba la moshi kwa kila dakika, kwa mwezi mmoja kamili wenye angalau usimamaji mmoja wa tanuru. Usikubali wastani wa siku, kwa sababu wastani hufuta ngazi yote unayotaka kuichunguza.

Mwalimu wa Kemia, Morogoro

Nami nitafurahi kuisoma rasimu ya pili. Andika mpaka wa hesabu yako kwenye aya ya kwanza: gesi ya jiwe, gesi ya mafuta, umeme wa kusaga kifusi na dizeli ya kukisafirisha. Kusaga hadi unga laini hula umeme mwingi, na hapo ndipo watahini watakapokubana kwanza.